Dawa Inayoshona

Fundi cherehani huvaa futi shingoni kutwa nzima mpaka anasahau kwamba anayo. Yangu ilikuwa ya njano, imefifia namba upande wa inchi, na kwa miaka ilikaa pale bila kunisumbua. Halafu ikaanza kukataa kukaa. Nikiinama kwenye cherehani inateleza upande wa kushoto. Naiweka sawa, inateleza tena. Mwishowe nikapeleka vidole kuona kuna nini, nikakuta mtoki chini kidogo ya taya, mgumu, hauumi, ukubwa wa njugumawe. Nikaivuta futi upande wa kulia nikaendelea na kazi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na suruali za watu waliokuwa wanakwenda harusini.

Hizo zilikuwa siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mtaa wetu wa Majengo, Sumbawanga, ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu na sabuni ya kugawiwa, sasa yalijaa redio, vitenge vya nje na viatu vya plastiki. Marobota ya mitumba yalipasuliwa sokoni watu wakigombea. Mafundi wenzangu walisema mitumba imekuja kutuzika. Mimi sikuona hivyo, na niliwaambia wazi wazi. Mzungu aliyeitupa ile suruali alikuwa na tumbo, Mfipa aliyeinunua hana; katikati ya watu hao wawili yupo fundi. Nikaacha kuhangaika na nguo mpya, nikawa mtu wa kupunguza viuno, kukata mapindo na kubadilisha zipu. Wenzangu walipokuwa wanasinzia juu ya mashine zao, kwangu watu walipanga foleni kwenye kibaraza cha duka nilipokaa. Nilikuwa kijana mwenye majivuno, na sioni kwa nini niyakane leo, maana ndiyo yaliyonisaidia baadaye.

Kwenye kibaraza hicho ndipo nilipompata mchumba wangu. Alileta sketi ya mtumba, akataka pindo lipande kidogo, nikapandisha, akasema limezidi, nikamwambia kipimo ametaja mwenyewe, akasema fundi mzuri husikia hata lisilosemwa. Tuligombana mpaka watu wa dukani wakatoka kuangalia. Alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao bonde la Rukwa, na mjini alikuwa anauza mchele wa huko. Sketi ile niliirekebisha bure. Kufikia msimu wa mavuno baba yake alikuwa amepokea posa, na mama yangu alikuwa ameanza kutaja majina ya wajukuu.

Kisha nikaanza kujipunguzia suruali zangu mwenyewe. Mtu mwingine angeweza kujidanganya kwamba ni uchovu, lakini fundi anaviona vipimo. Kiuno kiliingia, nikakipunguza, kikaingia tena. Usiku nilitokwa jasho mpaka shuka inakamulika, na Sumbawanga ile yenye baridi ya kutetemesha meno. Mitoki ikaongezeka shingoni na kwapani. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa pombe. Nikinywa kikombe kimoja tu cha komoni, shingo inaanza kuuma mpaka begani. Nilimshuku mama aliyeniuzia, nikahama kilabu. Kwa mwingine nako ikawa hivyo hivyo, na kwa wa tatu pia. Watu wa mikoa mingine hupenda kututania kwamba sisi ni wachawi, tunasafiri kwa ungo, na huwa nawajibu inavyostahili, lakini wakati ule mimi mwenyewe niliamini kabisa kwamba wapika pombe wote wa mji wamekula njama dhidi ya shingo yangu. Nilimwambia mmoja wao hivyo mbele za watu. Alinimwagia machicha.

Hospitali walisema ni kifua kikuu cha matezi, na siwalaumu, maana kwetu mtoki wa shingo mara nyingi ni hicho. Nikameza dawa kwa uaminifu, mitoki ikanikodolea macho. Mtaani wakaanza kunong'ona ule ugonjwa mwingine, ambao miaka ile kila aliyekonda alipewa bila kupimwa. Wateja wakapungua. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho nilikuwa sijakikata akasema ameghairi kushona, na jioni nikamwona amekipeleka kwa fundi wa jirani.

Mama ndiye aliyenitoa pale. Alikuwa anakaa kijijini, huko huko juu uwandani, akilima mahindi na ulezi. Baba alikwisha kufa. Mama alizaa watoto wengi, akawazika wote, nikabaki mimi. Alikuja na kikapu chake kichwani, akanitazama toka utosini mpaka miguuni, akagusa mitoki mmoja mmoja kama anayechagua viazi. Hakulia. Alisema, “Mficha uchi hazai. Utakwenda huko kwenye hospitali kubwa, na kesho unapanda basi.” Mchumba wangu akaleta mchele wa njiani. Nikashika basi mpaka Mbeya, kisha treni mpaka Dar es Salaam, nikafikia kwa binamu.

Huko walikata kinyama kidogo kwenye mtoki wakakipima, wakanipeleka kwa daktari mama wa makamo, mwenye miwani minene na sauti kavu. Swali lake la kwanza lilinishangaza.

“Ukinywa pombe, matezi yanauma?”

“Yanauma sana, daktari.”

“Wachache huwa hivyo,” akasema akiandika. “Una kansa ya matezi. Ila usiniangalie namna hiyo. Kansa za matezi zinasikia dawa kuliko kansa nyingi ninazozijua.”

Hapo hapo nikawasamehe wapika pombe wote kwa pamoja. Neno kansa lenyewe lilichelewa kuniingia. Lilipoingia, kwa kuwa sipendi kuogopa nikiwa nimenyamaza, nikaanza kuuliza maswali. Nilitaka kujua hiyo dawa inafanyaje kazi. Yule mama alikuwa na foleni ndefu nje, lakini aliweka kalamu chini.

Aliniambia kwamba kila seli ya mwili ina maelekezo yake yamepangwa kwenye nyuzi mbili ndefu zilizosokotana. Seli ikitaka kujigawa ziwe mbili, nyuzi hizo lazima kwanza ziachane, kila mmoja utolewe nakala. Dawa yenyewe inaitwa saiklofosfamaidi. Ikiingia mwilini haina makali. Ini ndilo linaloibadilisha na kuitia makali. Kinachotoka hapo kina mikono miwili. Mkono mmoja unashika uzi huu, wa pili unashika uzi wa pili, na nyuzi zimefungwa. Seli ikija kujigawa, inavuta, haziachani, inaharibika, inakufa.

“Kama zipu,” nikasema. “Mtu akipiga mshono kukatiza meno ya zipu, upande huu mpaka ule, kile kichwa hakipiti. Ukilazimisha, inapasuka.”

Alinitazama juu ya miwani. “Zipu inafaa,” akasema. “Ila ujue hiyo mashine haichagui zipu. Inashona seli zote inazozikuta.”

“Sasa mbona mtu hafi mzima mzima?”

“Kwa sababu mwili una mafundi wa kurekebisha. Seli isiyo na haraka ya kujigawa inapata muda wa kufumua ule mshono, inaendelea na maisha yake. Seli za kansa hazina subira, zinajigawa tu, zinajikuta zimepasuka. Tena hizi za matezi zina tabia moja. Zikigundua zimeharibika, hazihangaiki kupona, zinajiua zenyewe. Ndiyo maana nikakwambia zinasikia dawa.”

Nilimuuliza nani alikaa chini akawaza jambo la namna hiyo. Akasema chimbuko lake ni sumu ya vita vya wazungu, ile iliyoitwa gesi ya haradali. Waliopima miili ya watu walioivuta waliona chembe nyeupe za damu zimepungua sana na matezi yamesinyaa. Basi kuna waliojiuliza, kama inasinyaza matezi mazima, itayafanya nini ya kansa? Wakatafuta ndugu zake wapole zaidi wa kutibia. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike Dar. Kumbe hata dawa yangu ilikuwa mtumba: vazi la vita, limepunguzwa na mafundi mpaka likamkaa mgonjwa. Nikajisemea, mimi na dawa hii tutaelewana.

Daktari hakucheka. Aliuliza kama nimeoa.

“Nina mchumba.”

“Mtoto?”

“Bado.”

“Basi nisikilize,” akasema. Akanieleza kwamba mahali panapotengenezwa mbegu za mwanaume seli zinajigawa muda wote, na kwa hiyo mshono unapiga hapo pia. Nguvu za kiume hazitaondoka. Mbegu ndizo zinaweza kwisha. Kila mzunguko wa dawa unaongeza hatari hiyo. Kuna ambao mbegu hurudi baada ya miaka, lakini wengi hazirudi. Ulaya, akasema, huzihifadhi kwanza kwenye baridi kali. Nikamwambia baridi kali Sumbawanga tunayo. Akasema vifaa ndivyo hatuna.

“Na nikikataa dawa?”

“Tutakuzika na mbegu zako zote.”

Nilimchukia kwa dakika kama mbili hivi. Kisha nikakubali. Dawa yenyewe haikuwepo hospitali, lakini kwa kuwa sasa watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingiza na kuuza dawa, binamu aliipata kwenye duka moja la mjini. Nimesikia watu wakiisema vibaya ile ruksa na mengine nakubaliana nao. Mimi iliniletea mitumba ya kupunguza na dawa ya kunishona, kwa hiyo msinitegemee niitukane.

Sitajifanya kwamba dripu ilikuwa mchezo. Nilitapika mpaka nikatapika uchungu mtupu wa nyongo. Mdomo ulichubuka, na nywele zilibaki kwenye mto. Daktari alinieleza kila kimoja: hizo zote ni seli zenye haraka, zinashonwa pamoja na za kansa kwa sababu mashine haichagui. Chembe nyeupe za damu nazo zilishuka, nikakatazwa mikusanyiko na kushikana mikono na watu, maana homa ndogo ingeweza kuniua. Lakini baada ya mzunguko wa pili niliamka asubuhi, nikapeleka vidole shingoni kwa mazoea, nikakuta shingo. Shingo tupu, laini. Niliita watu waje waiguse, nikakumbuka nimekatazwa kuguswa, nikawaambia waangalie kwa macho. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Baada ya mzunguko wa tatu daktari aliniruhusu nikapumzike nyumbani wiki chache. Ilibaki mitatu. Nilimuuliza kama lazima, maana mitoki haipo. Akasema seli zilizokufa ni zile zilizokutwa zinajigawa. Nyingine zimelala, hazionekani, nazo zitaamka. Ukiziacha zitaamka zimeshaijua dawa. “Nusu ya tiba hii,” akasema, “ni mbaya kuliko kutotibiwa, kwa sababu inakupa matumaini.”

Mama aliponiona na upara alishika mdomo, kwa sababu kwetu kichwa kilichonyolewa ni cha msiba. Alipoona shingo akapiga vigelegele. Kijiji kizima kikaja kunipa pole, na hapo nikashukuru kwamba mimi ni Mfipa. Vijana wa Majengo wangenikamata mikono, mambo, poa, na kunipiga mabegani. Kijijini watu walichutama mbali kidogo, wakapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana tangu zamani, nami nikajibu kwa makofi kutoka mlangoni. Hakuna aliyenigusa, na hakuna aliyeona kwamba amekatazwa.

Walipoondoka nikamweleza mama yote, la mizunguko iliyobaki na la mbegu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua. Alikuwa anapepeta ulezi, akaacha.

“Mitoki imekwisha?”

“Imekwisha, mama.”

“Basi ishia hapo. Oa. Mpate hata mmoja tu. Akishazaliwa utarudi kwa huyo daktari akumalizie.”

“Kansa haitasubiri mtoto azaliwe.”

“Wewe umejuaje? Umeshaiona?”

Nikaona nimpate kwa kazi yake. Mama alikuwa anasifiwa kwa kupalilia, maana ulezi ukiwa mchanga unafanana mno na gugu lake, na wengi huung'oa mmea wakaacha gugu. Nikamwambia, “Mama, ulezi unaupalilia mara moja ukaacha? Magugu ya mvua ya pili je?”

Hakufikiri hata kidogo. “Narudia kupalilia, ndiyo. Lakini mimi nikipalilia, siung'oi ulezi wenyewe.”

Alikuwa amesema kweli tupu. Dawa ile haikuwa na macho ya mama. Tangu jioni hiyo hakunisemesha tena zaidi ya kuniambia chakula tayari, na ukimya wake ulinielemea kuliko ile dripu.

Nilirudi mjini kumweleza mchumba wangu. Nilifunga cherehani, tukakaa kibarazani, nikamwambia bila kuzunguka: nikimaliza dawa naweza nisizae kamwe, nisipomaliza, mtu atakayekuzalisha atakuwa maiti hivi karibuni. Machozi yalimjaa na hakuyafuta.

“Nguo yangu ya kwanza,” akasema, “ulinirudishia imekwisha au nusu?”

“Imekwisha.”

“Hujawahi kunipa nguo nusu. Usianze leo. Lakini kwa baba utakwenda mwenyewe. Mimi sitamwambia maneno haya.”

Nikashuka bondeni. Njiani niliogopa, nasema wazi, kuliko nilivyoogopa kwa daktari. Daktari alinipa habari ya mwili. Huyu mzee angenipa habari ya heshima yangu. Kanisani matangazo ya ndoa yalikuwa karibu kuanza kusomwa, na sikutaka yasomwe juu ya jambo lililofichwa. Nilimkuta nje ya zizi, joto la bonde likichemka, akiwatazama ng'ombe wakirudi toka kulima. Nikachutama na kupiga makofi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Nyie Wafipa mnamsalimia mtu kama amehutubia mkutano,” akasema, akacheka, akanipa kigoda. Kisha akaniona nimevaa kofia kwenye joto lile, akaacha kucheka.

Nilimweleza kila kitu, mpaka ile zipu. Alisikiliza akichora chini kwa fimbo.

“Ng'wanawane, mwanangu,” akasema mwishowe, “hiyo dawa inaua mwanaume au inaua mbegu?”

“Mbegu, baba. Mwanaume anabaki.”

Akanyoosha fimbo kuelekea zizini. “Yule mwekundu unamwona? Maksai. Tulimhasi akiwa mdogo. Nyumba hii yote inakula kwa sababu yake. Madume ninayo, kazi yao kupigana na kuvunja boma.”

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimetoka mbali, mgonjwa, kusema kweli mbele ya mtu, naye ananifananisha na ng'ombe aliyehasiwa. Nikasimama. “Baba, mimi si maksai.”

“Kaa chini. Sijamaliza. Dume nitaliuza kesho nikipata mtu. Maksai aliyejua kazi hauzwi, na jirani akija kumwazima, namwambia anaumwa. Dume ndilo huazimwa.”

“Hilo la kuazima dume la kunizalishia mke silitaki hata kidogo.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho kwa kiganja. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba ndipo hapo nilipomshinda, kwa ule ukali. Aliponyamaza alikuwa mtu mwingine, mpole. “Nenda kamalize dawa yako,” akasema. “Binti yangu amekuchagua na mimi sitaki alie juu ya kaburi. Habari ya watoto tutamwachia Mungu, na Mungu akikataa, kaka zake wana watoto wa kumwaga.”

Niseme tu yaliyofuata, nisimweke mtu roho juu. Nilimaliza mizunguko yote, na kansa ile haijarudi. Tulifunga ndoa nywele zangu zikiwa zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga, na suti niliyoivaa nilikuwa nimeipunguza mwenyewe kisha nikalazimika kuiongeza. Mtoto hatukupata. Tulilia juu ya hilo zaidi ya mara moja, na kuna miaka ambayo sikupenda kwenda ubatizo wa mtoto wa mtu. Tumelea wa kaka zake na wa binamu, wamesoma, wameondoka. Nikiulizwa kama ningechagua tena vile vile, najibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Lakini majibu hayo ni rahisi kwangu, maana nimeishi. Asubuhi niliyokuwa narudi Dar kwa mzunguko wa nne sikuwa na uhakika wowote wa namna hiyo. Mchumba wangu alikuwa amenisindikiza stendi. Baba yake alikwisha kubali, yeye alikwisha kubali, mimi nilikuwa nimebeba begi, na bado miguu haikutaka kupanda. Mama hakuwa amenisemesha. Nilikuwa tayari kumpinga daktari, mkwe na mji mzima, lakini kuondoka kwenda kuukata ukoo wa mama yangu bila neno lake, hilo liliniweka pale chini mpaka kondakta akaanza kunifokea.

Ndipo nikamwona anakuja, ametembea toka kijijini alfajiri yote, vumbi mpaka magotini, na dumu la lita tano kichwani. Alilitua mbele yangu. Yalikuwa maji yaliyochemshwa. Wakati nilipokuwa namweleza mambo ya dawa nilikuwa nimetaja, kwa kupita tu, kwamba mabaki yake yakitoka mwilini huunguza kibofu mpaka mtu akakojoa damu, na kwamba kinga yake ni kunywa maji mengi mno. Sikudhani alisikia. Alikuwa amechemsha usiku, akayaacha yapoe, akayabeba, kwa sababu hakuamini maji ya njiani.

“Mama,” nikasema, “unajua nikienda inawezekana ndiyo basi tena.”

“Najua. Umenieleza, na mimi si mjinga.” Alinifunga kitufe cha koti kilichofunguka, kama nilipokuwa mdogo. “Hao wajukuu mimi siwajui. Ninayemjua ni wewe. Panda.”